Rupia za Mjerumani na bati za mjomba

Wiki hii naomba mniwie radhi, sina stori ya disko wala ya demu aliyemkimbia jamaa na friji lake. Nina stori ya mjomba. Isome taratibu, maana huenda na wewe una mjomba wa namna hii. Au mbaya zaidi, huenda mjomba mwenyewe ni wewe.

Jumapili moja asubuhi nasikia hodi. Kufungua mlango, mjomba wangu wa Tabora huyo, kasimama na begi la turubai, vumbi la safari limemjaa mpaka kwenye kope. Shikamoo mjomba. Marahaba mpwa wangu. Hata chai haijachemka, mzee kaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa kitambaa chenye mafundo mawili. Fundo la kwanza lilikuwa na noti: milioni moja na laki mbili. Fundo la pili lilikuwa na sarafu moja tu.

Nikaichukua. Nzito, nyeupe iliyofifia, upana wake kama sentimita tatu. Upande mmoja jamaa ana masharubu, kichwani kofia ya chuma yenye tai juu yake. Upande wa pili imeandikwa kwa Kijerumani, na mwaka: 1904.

"Hiyo ni rupia," mjomba akasema kwa sauti ya chini, utadhani majirani wamebandika masikio ukutani. "Marehemu baba aliiokota shambani akipanda karanga. Ilipo moja, mpwa wangu, hazikosi mia."

Nikamuuliza, na hizi noti? Akaniambia ni za bati. Nyumba yake kule ina kuta na madirisha, paa bado. Lakini kaghairi. Kuna mashine mjini inaona mali chini ya ardhi mita ishirini. Anunue mashine, achimbue rupia, kisha ajenge ghorofa!

Hapo ndipo chai iliponipalia.

SASA TUMTENDEE HAKI MZEE

Usimcheke mjomba, maana stori yake haikutoka hewani. Rupia zilikuwepo kweli. Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia za fedha mwaka 1890, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya Mjerumani ikabadili hesabu, rupia moja ikawa heller 100. Hiyo heller ndiyo "hela" unayoililia kila mwisho wa mwezi. Mjerumani kaondoka zamani, hela yake imebaki midomoni mwetu.

Na Tabora ina lake. Vita Kuu ya Kwanza ilipowabana, meli zikiwa hazipiti, Wajerumani waligonga sarafu zao wenyewe pale pale Tabora mwaka 1916, kwenye karakana ya reli. Walitoa za shaba na za shaba nyeupe, na pia ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, dhahabu yenyewe ikitoka mgodi wa Sekenke. Za dhahabu zilikuwa elfu kumi na sita na kitu. Mwezi Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia mjini.

Kwa hiyo mtu wa Tabora akiota tembo wa dhahabu, anaota kitu kilichokuwepo. Ila ndoto na ramani ni vitu viwili. Sarafu zile zilitolewa zitumike, zikalipia mishahara na mahitaji. Hakuna aliyezipanda kama mihogo ili mjomba wangu aje avune.

DUKANI

Jumatatu nikamsindikiza, shingo upande. Duka lenyewe silitaji, mtaa siutaji, mimi nataka kuendelea kuishi mjini kwa amani. Muuzaji ni kijana wa makamo, shati limenyooka, maneno matamu kama halua. Akafungua sanduku jeusi lenye sponji ndani. Humo kulikuwa na kishikio kama cha bastola, antena mbili za kuvuta kama za redio ya zamani, na vibonyezo: dhahabu, fedha, shaba, almasi.

"Hii, mzee wangu, inavuta mita ishirini kwenda chini na kilomita moja kwa mbali. Unaichagulia fedha, unatembea, antena zinageuka zenyewe kuelekea mali ilipo."

Bei? Milioni tatu na nusu. Ila kwa kuwa mjomba ni mtu mzima, atangulize milioni moja na laki mbili, nyingine amalizie akishachimba. Msomaji, hebu niambie: yule kijana alijuaje kiasi kilichomo kwenye kitambaa? Kumbe mjomba alikwishampigia simu tangu wiki iliyopita na kumweleza kila kitu. Mjini shule, lakini wengine tunakuja bila daftari.

Nikaomba kitu kimoja tu. Nikasema, kaka, hapa nje kuna eneo la mchanga. Mjomba ageuke nyuma, mimi nifukie rupia hii sentimita kumi tu chini, si mita ishirini, kisha mashine yako iitafute. Ikiipata mara tatu mfululizo, tunalipa leo.

Yule bwana akacheka. Akasema mashine haifanyi kazi karibu na nguzo za umeme. Nikasema twende ufukweni. Akasema inahitaji sarafu iwe imekaa ardhini miaka mingi. Nikasema basi. Tukatoka, mjomba kanuna mpaka kwenye kituo cha daladala.

USANII HUU SI WA KWETU PEKE YETU

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mambo mawili. Marekani kulikuwa na kidude kiitwacho Quadro Tracker, kishikio na antena vilevile, kikiuzwa mpaka kwa mashule na polisi kwamba kinanusa dawa za kulevya na silaha. Mwaka 1996 mahakama ikakipiga marufuku. Ndani hakikuwa na kitu cha kufanya kazi hiyo.

Halafu kuna ADE 651. Mwingereza James McCormick aliuza vidude hivyo kwa maelfu ya dola kimoja, hasa Iraq, eti vinagundua mabomu. Askari wakasimama navyo kwenye vizuizi vya barabarani na watu wakafa. Wazo lilitokana na kidude cha mzaha cha kutafutia mipira ya gofu. Mwaka 2013 mahakama ya London ikampa miaka kumi jela.

Kama serikali nzima iliuziwa mbuzi kwenye gunia, mjomba ni nani?

Siri ya antena ni ndogo. Mkono wa binadamu hautulii. Ukikiinamisha kishikio hata kidogo, antena inaangukia upande ule. Na mkono wenyewe bila kujua unaegemea pale moyo unapotamani. Antena haijaona rupia, imeona tamaa yako.

MASHINE YA KWELI

Nina mshikaji aliyekaa na wachimbaji wadogo kule Chunya. Alirudi mjini na malaria, deni, na ditekta moja ya kweli: mti mrefu wa kushika, kisanduku chenye kioo kidogo, na chini sahani ya mviringo, ndiyo koili yenyewe, upana wake sentimita 28. Nikamwomba aje nayo uani kwetu.

Kazi yake haina uchawi. Koili inarusha nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu ile ikikutana na metali, inaamsha mkondo mdogo wa umeme ndani ya metali. Mkondo ule nao unarudisha nguvu yake juu, koili inaisikia, wewe unasikia mlio. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, huyo huyo wa simu, alileta mashine ya namna hii kutafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani. Kitanda kilikuwa na springi za chuma, zikamvuruga, risasi haikuonekana na rais akafariki. Ugonjwa wa mashine hizi ni ule ule mpaka leo: chuma cha jirani kinapiga kelele kuliko kitu unachokitafuta.

Tukafukia rupia ya babu. Sentimita 15, mashine ikalia vizuri, mlio wa juu na safi. Mjomba akatabasamu. Sentimita 25, mlio ukawa kama mtu ananong'ona nyuma ya pazia, mpaka uvae spika za masikioni. Sentimita 30, mara unausikia, mara huusikii. Sentimita 40, kimya. Kimya kabisa.

"Imeharibika?" mjomba akauliza. Hapana mjomba, ndivyo dunia ilivyoumbwa. Kitu kidogo kama sarafu, ukishakifukia mbali kuliko upana wa koili, ukizidisha kina mara mbili, nguvu inapungua kama mara 8 wakati wa kushuka, na mara 8 tena wakati wa kurudi. 8 mara 8 ni 64. Ndiyo maana hakuna pesa inayoweza kununua mita ishirini. Ukilipa mara mbili hupati kina mara mbili. Unapata sentimita chache, masikio makali zaidi, na uzito begani.

Jambo hilo ndilo nataka ulishike kuliko yote: sarafu moja, mashine nzuri, udongo mzuri, ni futi moja hivi. Atakayekuahidi mita, muombe ufukie sarafu yako mbele yake.

KAMA UNANUNUA KWELI

Baada ya hapo mjomba akawa mwanafunzi, na mshikaji akawa mwalimu. Nakugawia na wewe nilichokiandika.

Kwanza, jua unachotafuta. Mashine nyingi za wachimbaji huko Chunya na Geita zimetengenezwa kwa ajili ya dhahabu. Kuna zinazotumia masafa ya juu, kilohezi arobaini na zaidi, zinazosikia punje ndogo kama ya mchele. Rupia si punje. Kwa sarafu pana ya fedha au shaba iliyo chini, masafa ya chini, kilohezi 4 mpaka 8 hivi, ndiyo yanayoshuka vizuri. Siku hizi kuna mashine zinazopiga masafa mengi kwa pamoja, kama Equinox ya Minelab iliyoanza kuuzwa mwaka 2018 au Legend ya Nokta ya mwaka 2022. Hizo zinakupunguzia kubahatisha.

Pili, angalia udongo wako. Udongo mwekundu umejaa chuma, nao unaipigia mashine kelele mfululizo. Tafuta mashine unayoweza kuizoesha na udongo wa pale ulipo kabla ya kuanza, wengine huita kuibalansi. Isiyokuwa na kitu hicho ni ya kuchezea watoto. Mchanga wa pwani uliolowa maji ya chumvi nao una matata yake: mashine ya masafa mamoja inaweweseka, ya masafa mengi inatulia.

Tatu, koili. Kubwa, tuseme sentimita 38, inashuka zaidi kidogo, lakini ni nzito na inasikia misumari mitano kwa mpigo kama kitu kimoja. Palipo na takataka nyingi, koili ndogo itakupa sarafu ambazo kubwa imezipita. Ukiwa na moja tu, baki na ile ya sentimita 28.

Nne, kunyamazia chuma. Mashine nyingi zina kitufe cha kukataa misumari na vizibo. Usikizungushe mpaka mwisho. Sarafu ya chini sana mlio wake unachafuka, mashine inaweza kuidhania chuma ikainyamazia, na wewe ukapita juu ya rupia ukipiga mluzi. Anayetaka za chini anasikiliza kila kitu, halafu anachagua kwa sikio.

Tano, kuna mashine za mapigo, zinazorusha nguvu kwa vishindo. Hizo haziogopi udongo mwekundu wala chumvi, na zinashuka vizuri. Kasoro yake, nyingi hazitofautishi vizuri msumari na rupia. Jiandae kuchimba kila takataka ya mtaa.

Sita, kuna za koili mbili zilizotengana, moja mbele na moja nyuma. Hizo ni za kitu kikubwa, kama sanduku au chungu kilichojaa, na zinaweza kukisikia mita moja na zaidi. Lakini sarafu moja hazioni hata ikiwa juu juu. Muuzaji mjanja anakuonyesha kina cha sanduku, anakuuzia kwa ndoto ya sarafu.

Saba, bakiza pesa. Spika za masikioni, betri, jembe dogo, na kile kijiti cha mkononi cha kukuonyesha sarafu iko upande gani wa shimo. Aliyemaliza pesa zote kwenye mashine anachimba shimo la kaburi kutafuta senti.

Nane, na hili ni bure: swingisha polepole, koili iwe karibu na ardhi. Kuinyanyua sentimita tano ni kupoteza zile zile tano ulizozinunua kwa laki kadhaa.

NA SERIKALI JE?

Mjomba akasema, sawa, basi nitakwenda kwenye yale magofu. Nikamshika mkono. Mzee, tulia.

Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kutafuta na kuchimba mabaki ya kale bila kibali ni kosa, na kuyapeleka nje bila kibali ni kosa jingine. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981; kule usiende na jembe hata kwa utani. Ukikuta kitu cha kale, hata kama ulikuwa unachimba choo, toa taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale.

Tena si ubabe wa serikali tu. Mwaka 1984 pale Mtambwe Mkuu, Pemba, wataalamu walichimbua sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu. Zile za dhahabu zilikuwa za kigeni na zenye tarehe, za mwisho zikiwa za karne ya 11. Kwa kuwa zilikutwa pamoja, ndipo ikajulikana kwamba hizi za fedha, zenye majina ya watawala wa kwetu, nazo ni za zamani hizo hizo. Sasa fikiria angewahi mtu na ditekta usiku, akabeba za dhahabu, akatupa vidude vingine. Angepata hela za mwaka mmoja, na sisi tungepoteza miaka mia tisa.

Uingereza mwaka 1992, bwana Eric Lawes alikuwa kijijini Hoxne anamtafutia rafiki yake nyundo iliyopotea. Ditekta ikalia, ikatoka fedha na dhahabu ya Warumi. Bwana yule hakuchimba mpaka chini. Akaacha, akaita wanaohusika, wao wakachimbua sarafu karibu 15,000 katika mpangilio wake. Akalipwa, akagawana na mkulima wa shamba lile, pauni milioni moja na robo tatu. Nyundo nayo ilipatikana, ipo makumbusho London. Kuacha kuchimba ndiko kulikomtajirisha.

MWISHO WA MZEE

Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo linaniuma: "Kwa hiyo baba aliiokota moja kwa sababu ilikuwa moja?"

Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Nikamwambia, mjomba, sarafu nyingi zilidondoka moja moja mfukoni mwa mtu aliyekuwa na safari zake. Mtu kama wewe. Pengine alirudi akaitafuta mpaka jua likazama.

Jumatano tukaenda dukani, duka jingine, tukanunua bati. Tukahesabu moja moja, tukazifunga, zikapakiwa. Chenji ilibaki ya nauli na soda mbili. Yule wa sanduku jeusi alipiga simu mara tatu njiani, mara ya nne mjomba akaizima kabisa.

Juzi kanipigia mwenyewe. Mvua imeanza kule. Sikusikia nusu ya maneno yake kwa kishindo cha maji juu ya bati, lakini nilisikia anacheka. Akasema rupia kaifungia kwenye mfuko wa nailoni, wajukuu wanaiomba kila jioni waitazame yule mzee wa masharubu. Na akasema akipata nafasi mwakani atamwomba mshikaji aende na ile mashine ya kweli, wapite shamba la babu, futi moja tu, wasizidi hapo.

"Na tukiona kitu cha kale sana," akamalizia, "tunaita wakubwa. Si ndiyo sheria?"

Ndiyo sheria, mjomba.

Na wewe kijana unayepita pale dukani na mshahara mfukoni, tembea na sarafu yako. Omba kuifukia. Muuzaji wa kweli atakupa hata jembe. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.